Mguu wa Nduta

Mtoto wangu wa kwanza ni dereva wa tramu hapa Croydon, kusini mwa London. Wazee wanampenda kwa sababu haondoi tramu kabla hawajakaa. Alipozaliwa tulimwita Kamande, jina la baba ya mume wangu, kama sisi Wakikuyu tunavyofanya, na tangu siku hiyo nikawa Mama Kamande kwa kila mtu.

Baada ya kumzika babake aliniambia kwamba yeye ni mwanamke na anaitwa Nduta. Nduta ni nyanyake, mama ya mume wangu, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina hilo hilo. Mtoto aliyezaliwa London alikuwa amefuata desturi bila kukosea. Sikumsifu. Nilimwomba tu asikanyage kliniki ya mtaa wetu.

Kwenye mapokezi ya kliniki hiyo hukaa Maureen, katibu wa chama chetu cha kina mama kanisani. Familia yetu ni ya watu waliosoma. Mume wangu aliheshimiwa, na sikutaka mambo yetu yanywewe pamoja na chai baada ya ibada. Nduta akatii. Alijaribu kliniki nyingine, wakamwita "bwana" mbele ya watu hata alipowasahihisha, hakurudi tena. Vidonge vyake vya homoni akawa ananunua mtandaoni, bila mtu wa kumpima damu. Nilijua hayo yote. Niliona afadhali, maana hakuna mwingine aliyejua.

Juma lililopita alikuja kwangu akichechemea. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, lina joto kama mkate uliotoka jikoni.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili," akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Ulitaka niende wapi, Mama?"

Nikapiga simu ya ushauri wa afya. Wakasema huenda damu imeganda mguuni, homoni huweza kuleta hilo, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Kliniki ya karibu ilikuwa ile ile.

Maureen alituona tukiingia. "Mama Kamande! Umepotea wewe! Na huyu mrembo ni nani?"

"Mpwa wangu," nikasema. "Ametoka Nakuru."

"Kumbe Nakuru mnaficha warembo hivi! Bado hajasajiliwa hapa, sivyo? Basi atangoja kidogo. Kuna dawa anazotumia?"

"Hakuna."

Nduta alinitazama, kisha akageuka kuelekea mlangoni, mguu ukiburutika. "Naenda kazini," akasema. "Mpwa wako haumwi."

Hakufika mbali. Nilimwona akiegemea ukuta, macho yamefumbwa, mkono umeshika paja. Nikarudi kaunta. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mmoja wa waliosimama pale nilimfahamu.

"Maureen, nimekudanganya. Huyu ni mtoto wangu. Ulimjua akiitwa Kamande, sasa ni Nduta. Anatumia homoni, na hajaonwa na daktari kwa sababu nilimkataza kuja hapa. Tafadhali, mguu wake umevimba."

Maureen aliinuka kitini. Akamtazama Nduta pale ukutani, kisha akainua simu. "Daktari, kuna mgonjwa hawezi kungoja."

Daktari alimwona papo hapo, akaubonyeza mguu taratibu, akamuuliza habari za vidonge. Nduta akamweleza kila kitu. Daktari akaita ambulensi.

"Maumivu haya yalianza Jumapili," daktari akasema. "Kwa nini ukangoja?"

Nduta akanitupia jicho.

"Kazi zilikuwa nyingi," akasema.

Nilikuwa nimeshasema kweli mbele ya foleni nzima, lakini pale, mbele ya daktari mmoja, Nduta akiniuliza kwa macho tu, sikuweza kuirudia. Nikaokota koti la Nduta sakafuni, nikalikunja, nikalifungua, nikalikunja tena, mpaka ambulensi ilipofika.