Hodi Kutoka Ng'ambo ya Reli

Cheka ukitaka; hata mimi zamani ningecheka. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, hapa hapa Mombasa, Mji wa Kale, na wote walioyashuhudia pamoja nami wamekwisha kuzikwa. Nimebaki mimi, na kipande cha chuma kilicholala kwenye kizingiti cha mlango wangu. Sababu ya chuma hicho ndiyo kisa chenyewe.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Motokaa zilikuwa bado hazijaenea kisiwani. Wenye nafasi zao walipanda toroli, kiti chenye paa la turubai kilichokwenda juu ya reli nyembamba, kikisukumwa na wanaume kwa nyuma. Reli hizo zilipita kati ya mitaa yetu. Kaka yangu Athmani alikuwa anaoa, na nyumba ya bibi arusi ilikuwa ng'ambo ya reli, karibu sana na kwetu. Babake yule binti alikuwa amesema barazani, mbele za watu, kwamba sisi ni watu wa kwenda kwa miguu. Athmani akaapa atafika kwa farasi.

Farasi alikuwa wa Ami Salim, ndugu yake baba; aliletwa kutoka Maskati. Alikuwa mchanga bado, wa rangi ya kahawa, jina lake Shihabu. Kazi ya kumfundisha nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo adimu siku zile, na jamaa zangu waliamini kwamba mtu aliyesoma anaweza kila kitu. Nami niliamini hivyo hivyo.

Shihabu alikuwa hajapata kuona chuma kimelala njiani. Aliziogopa reli kama unavyomwogopa nyoka. Basi nikaanza naye nyumbani, uani. Nililaza kamba chini, nikasimama upande wa pili na tende kiganjani, avuke aifuate. Baada ya kamba nikalaza ufito, kisha boriti, mwisho nondo nilizoazima kwa mhunzi. Sikumpiga hata mara moja. Punde akawa anavuka chuma kama avukaye kivuli chake.

Nikamtoa nje kwenye reli zenyewe. Mbele ya maduka ya Wahindi akavuka bila shida, akarudi, akavuka tena. Lakini tulipofika penye uchochoro ambao arusi ingepitia, akagoma. Na sikiliza vizuri hapa: hakuzitazama reli. Alitazama ng'ambo, ndani ya uchochoro mtupu, pale ambapo ungekuwa uso wa mtu mzima aliyesimama. Masikio yalimsimama, ngozi ikamtetema, jasho likamtoka na jua lilikuwa bado halijakolea.

Wasukumaji wa toroli wakatua kunitazama. Mmoja akasema, "Msomi, huyo ataka arudishwe chuoni, kwenye alifu." Wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti. Siku ya pili alinisalimu kwa kunikumbusha alifu. Siku ya tatu pia.

Nyumbani nikamweleza nyanya. Yeye hakucheka. "Mnyama hakatai bure, mjukuu wangu," aliniambia. "Walipokilaza chuma kile, sisi wazee tulishukuru. Kuna wasioweza kuvuka chuma mpaka wakaribishwe." Nikatabasamu, nikambusu mkono, nikajiambia hayo ni ya wazee. Laiti ningalimuuliza neno moja zaidi!

Ikabaki siku moja. Ili nisichekwe, nikachagua saa ya magharibi, watu wamo msikitini na toroli zimelazwa. Nami nilipaswa kuwa msikitini. Nilimshika Shihabu kamba, tukafika pale penye uchochoro. Akasimama kama siku zote, akitetemeka. Nikanyoosha mkono wenye tende. Nikambembeleza. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Nilisikia pumzi zake na zangu tu.

Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya reli, ya upole, ya mtu mzima mwenye adabu zake.

"Hodi."

Wewe ungefanya nini? Tangu utotoni umefunzwa kwamba hodi haiachwi bila jibu. Kinywa changu kilijibu kabla ya akili.

"Karibu."

Nilitazama uchochoroni. Hapakuwa na mtu. Wala mlango hapana, ni kuta mbili tupu. Hodi ya nini mahali pasipo mlango? Hapo hapo nikasikia harufu ya karafuu maiti, ile tunayowatia maiti wetu, ikinijia usoni kisha ikanipita. Shihabu akageuza shingo polepole, akimfuata kwa macho mtu aliyekuwa akitembea kutoka ng'ambo hadi nyuma yangu. Na nyuma ya sikio langu sauti ikasema, "Ahsante, mwanangu. Nimesimama sana pale."

Sikugeuka. Wallahi sikuthubutu. Kamba ikakazika mkononi. Farasi alianza kurudi, kichwa chini, kama anayeongozwa. Alikuwa akishika njia ya kwetu. Ningaliweza kumzuia, kumvuta upande mwingine wowote wa kisiwa hiki. Nilichofanya ni kuiachia kamba, nikakimbilia msikitini.

Niliporudi nyumbani, Shihabu alikuwa mlangoni, amelowa jasho. Athmani alikuwa sebuleni, ameshika kata ya maji.

"Mbona mgeni wako umemwacha aje peke yake?" akaniuliza.

"Mgeni gani?"

"Mzee wa kanzu nyeupe. Alibisha hodi nikamkaribisha. Nimegeuka kumtekea maji, simwoni tena."

Nguo zake zilinuka karafuu maiti. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele wa arusi huku wakiimba. Nikaona nikisema nitaambiwa nimeleta kisirani. Nikaenda kumfuta farasi jasho.

Kesho yake Athmani akapanda farasi, watu wakamzunguka kwa matari. Shihabu alikwenda akitetemeka njia nzima. Tulipofika kwenye reli, akasimama. Athmani akainua uso, akawatazama watu wa bibi arusi waliokuwa wakingoja ng'ambo, akasema kwa ile sauti ya upole, "Hodi."

Wao waliona ni mzaha wa bwana arusi. Wakacheka, wakajibu kwa pamoja, "Karibu!" Farasi akavuka. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilibaki upande wetu.

Fungate ilipoisha, Athmani akaja kumwamkia mama, nasi tukatoka kumlaki. Alisimama kwenye reli, upande wa pili, asivuke. "Hodi," akasema. Mama alikuwa amefungua kinywa, nyanya akamziba kwa kiganja.

"Si sauti ya mwanao hiyo."

"Uso ni wake, mama."

"Uso, ndiyo."

Tangu hapo kaka yangu hakurudi kwetu. Mkewe hakuona kasoro kwake, ila kila magharibi alitoka, akasimama pale pale, akabisha. Mama alikuwa akienda kuketi upande wetu, wanatazamana, na machozi yanamtoka asijibu. Siku tulipomzika mama, jeneza lilipita karibu na reli. Athmani alikuwa amesimama. "Hodi," akasema, mara nyingi. Mimi niliyekuwa mwepesi wa kujibu siku ile, nilipita nimeinamisha kichwa.

Shihabu hakukubali kupandwa tena. Akafa kabla ya masika.

Kisha motokaa zikaenea, wakaja watu kung'oa reli. Jioni ile Athmani alikutwa uchochoroni, amekufa, uso umetulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Tulimzika. Lakini niambie wewe: aliyekuwa ndani yake miaka yote hiyo amekwenda wapi, na reli hazipo tena?

Niliwaomba wale watu kipande kimoja cha reli, nikakilaza mlangoni pangu. Ziko jioni huisikia ile hodi, taratibu, kwa adabu. Siku nyingine ni ile sauti ya mzee. Siku nyingine ni ya Athmani wa utotoni, akiniita kwa jina alilopenda kuniita, na hizo ndizo mbaya zaidi.

Kwa hiyo usimkaribishe mtu hujamwona uso, na hata ukiuona, mwangalie mnyama wako kwanza. Nawe ukija kunizuru, njoo mchana, unitajie jina lako na la babako. Usibishe hodi. Nitakusikia, nami sitakujibu.