Mafuta Yaliyomkataa Bibi Harusi

Ndani ya chupa, mafuta yote ya manukato ni mazuri. Jambo hilo lilinitesa miaka yote niliyouza malashi pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mteja anafungua kifuniko, anavuta pumzi, anafumba macho, anasema, "Njo hii," yaani ndiyo hii. Kesho yake anarudi amekunja uso kana kwamba nimemuuzia samaki aliyeoza.

Mimi na mama yangu tulitoka Kivu Kusini, Kongo, tukapokelewa Kabazana, kwenye kituo cha wakimbizi wapya, na baada ya kusubiri tukapewa kiwanja. Mama alishika jembe tangu siku ya kwanza. Mimi nilisuka nywele sokoni, na wanawake niliowasuka walikuwa wakiniuliza, "Dada, hapa hakuna malashi?" Basi nikaanza kwenda mjini Mbarara. Huko kulikuwa na duka la mama mmoja Mwislamu, mwenyeji wa pale, ambaye alipanga chupa kubwa za kioo kwenye rafu: waridi, yasmini, miski, sandali, udi. Alinipimia kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, nami nikifika nyumbani nagawa tena katika vichupa vidogo.

Nilianza kuyajaribu kwenye mkono wangu kwa sababu sikutaka kuuza kitu nisichokijua. Nilioga asubuhi kwa sabuni ya kufulia ambayo haiachi harufu, nikadondosha tone moja karibu na kiganja, jingine katikati, jingine karibu na kiwiko. Kusugua nilikatazwa na yule mama wa duka. Alisema ukisugua unayachosha mafuta. Kisha naenda kuteka maji, napika, nasuka, na kila nikipata nafasi nauinua mkono puani. Harufu ya kwanza ni ya kukukaribisha tu, inaondoka kabla chai haijachemka. Ile inayokuja baadaye ndiyo utakayoishi nayo. Yasmini, kwa mfano, kwangu iligeuka ikanuka kama zizi la mbuzi baada ya mvua. Yasmini hiyohiyo nikampaka mama, ikatulia kwenye ngozi yake kavu kama ua lililochumwa asubuhi ile. Mama alicheka sana. Mimi sikucheka. Ningemweleza vipi mteja kwamba kitu kimoja ni ua kwa mtu huyu na mbuzi kwa yule?

Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, binti mmoja wa kwaya ya kanisa letu alikuwa anaolewa. Wazazi wake walikuwa wamekufa, akalelewa na shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Shangazi alikuja mezani kwangu sokoni na binti nyuma yake.

"Ninataka malashi ya ndoa," alisema. "Yeye na basimamizi bake banukie namna moja. Batu bakiingia kanisani bajue leo kuko harusi."

Nilifurahi. Kazi kama ile ingenitambulisha Nakivale nzima. Nikawafungulia vichupa kimoja kimoja. Binti alinusa vyote bila haraka, akachagua waridi iliyochanganywa na sandali. Uchaguzi mzuri, mimi mwenyewe ningechagua huo. Nikamdondoshea tone mkononi, nikawaambia wazunguke soko, warudi.

Waliporudi, binti alinyoosha mkono. Niliunusa, nikarudisha kichwa nyuma. Waridi haikuwepo. Sandali haikuwepo. Kulikuwa na kitu kikali, chungu, kama bati lenye kutu lililonyeshewa.

"Hii njo malashi?" shangazi aliuliza.

Nikajaribu miski. Ikawa vilevile. Udi ukavumilia kidogo, kisha ukaharibika vibaya zaidi. Nikawaomba waje siku nyingine, nikadhani labda jua, labda jasho, labda nilikuwa nimechoka pua. Pua huchoka kweli. Ukinusa vingi inafika mahali haikuambii tena ukweli.

Walikuja tena, asubuhi na mapema, binti ameoga kwa sabuni niliyomwagiza. Kutu ileile. Nikampaka msimamizi mmoja aliyekuja naye, msichana mnene mwenye kucheka ovyo. Kwake waridi ilifunguka ikajaa meza yote, mpaka muuza dagaa wa jirani akageuka kuangalia. Bibi harusi alimtazama mwenzake, akaficha mkono wake ndani ya kitenge.

Nilikwenda Mbarara nikiwa na hasira. Niliingia dukani nikaweka kichupa juu ya kaunta mbele ya wateja wengine.

"Mama, mmeyachanganya na mafuta ya kupikia."

Yule mama hakupandisha sauti. "Nyabo, mafuta yangu iko safi. Leta mkono."

Akanipaka mimi, akajipaka yeye, akamwita mwanamke aliyekuwa anasubiri bodaboda nje akampaka na yeye, kisha akatuamuru tukae. Tulikaa kwenye benchi tukiangalia magari ya maziwa yakiingia kutoka upande wa Bwizibwera. Baada ya muda akatunusa mmoja mmoja kama daktari. Waridi ilikuwa hai kwa wote watatu, kila mmoja na yake, na hakuna iliyooza.

"Mafuta hapana mbaya," alisema. "Angalia mutu. Anakula nini, anapaka nini."

Nilirudi Nakivale na hasira isiyo na mtu wa kuibeba. Ningeweza kumlaumu muuzaji, ningeyabadilisha mafuta, mambo yangekwisha. Sasa nilikuwa na mafuta mazuri na binti mzuri na vitu hivyo viwili havikutaka kukutana. Nilimuuliza binti kwa upole, "Ulipakaa nini mbele ya kuja?" Akajibu, "Hakuna." Nikamuuliza kama ametumia dawa ya hospitali. "Hapana, dada." Nikamuuliza vyakula. Nilimuuliza mpaka nikaona aibu. Tukajaribu tena nyuma ya sikio, na kwenye mkunjo wa kiwiko ndani, mahali ambapo damu iko karibu na ngozi na mafuta hupata joto.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi iliyofuata niliisikia sauti ya shangazi kabla sijamwona. Alikuwa anamvuta binti kwa mkono katikati ya soko. Mkunjo wa kiwiko ulikuwa mwekundu, umevimba, na nyuma ya sikio kulikuwa na malengelenge.

"Bamama, mukuje muone!" alipiga kelele. "Huyu anatia mutoto sumu mu ngozi, na ndoa iko karibu!"

Wanawake walikusanyika. Mmoja niliyekuwa nimemsuka juzi yake alitoa kichupa kwenye mkoba, akakiweka mezani kwangu kama mtu anayerudisha nyoka. Nilijitetea. Nikajipaka mafuta yaleyale mbele yao, nikawaonyesha mkono wangu mzima. Shangazi akasema mganga naye hafi kwa dawa yake. Watu wakacheka.

Nilimwangalia binti ili aseme neno, hata moja. Alikuwa ameinamisha kichwa. Na kwa kuwa alikuwa ameinama, na jua la asubuhi lilikuwa linampiga ubavuni, niliona nilichopaswa kukiona mapema. Shingo na uso wake vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe, weupe wa karanga mbichi, na mikono nayo ilikuwa inafuata. Lakini vifundo vya vidole vilibaki vyeusi kama zamani. Nikasogea nikamnusa begani, mahali ambapo sikuwahi kumpaka kitu. Bati lenye kutu lilikuwa pale tayari, jepesi, likiningoja.

Ningeweza kusema palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Ila binti aliinua macho, akanitazama, nami nikalimeza nikiwa nimekasirika kuliko siku zote.

Jioni alikuja nyumbani peke yake. Mama alimpa kigoda akaenda zake shambani nyuma ya nyumba.

"Unajichubua," nilimwambia.

Alilia kwanza. Kisha akasema mama wa mchumba wake ndiye aliyemletea krimu ya kung'arisha ngozi. "Alisema picha za ndoa batatuma kwa bandugu yao kule Amerika. Alisema nikiwa hivi sitaonekana mu picha, bataona rinda tu na meno." Akajifuta pua kwa kitenge. "Usimwambie shangazi, ninakuomba. Atakwenda kule kupigana, ndoa itakufa."

Nilizunguka ua nikiwa na maneno mengi na bila mtu wa kumtupia. Yule mama mkwe sikuwa na njia ya kumfikia. Binti alikuwa anaumia tayari. Shangazi alikuwa anampenda mtoto wake kwa kelele. Na mimi meza yangu ilikuwa imekufa kwa kosa la chupa ambayo sikuiuza.

"Utaiacha hiyo krimu?" nilimuuliza.

"Nitaiacha."

"Leo?"

"Leo, dada."

Sikumwamini sana. Nilimpa mafuta ya nazi matupu ya kutuliza ngozi, nikamwambia asipake manukato yoyote mwilini mpaka ipone. Na kwa shangazi nilinyamaza.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Nilikaa sokoni na vichupa vyangu, nikafukuza nzi. Wanawake walipita upande wa pili wa meza ya dagaa. Kanisani, mmoja alihama benchi. Usiku mama aliniuliza kwa nini sisemi ukweli, nikamjibu kwa ukali, kisha nikamwomba radhi.

Siku ya harusi nilikwenda kwa sababu nisingekwenda ningekuwa nimekubali kosa. Binti alikuwa amependeza. Ngozi ilikuwa imetulia, ingawa poda ilikuwa nyingi usoni. Alipopita karibu na benchi letu nikasikia waridi na sandali, safi kabisa. Nilishtuka. Baadaye msimamizi yule mnene aliniambia shangazi alikwenda Mbarara mwenyewe kutafuta "malashi ya kweli", akaelekezwa kwenye duka la mama mmoja Mwislamu, na kwamba bibi harusi alikataa kujipaka mwilini, akadondosha kwenye upindo wa rinda na ndani ya shela. Kitambaa hakina joto. Mafuta yalibaki vilevile yalivyokuwa ndani ya chupa, hayakugeuka wala hayakukua. Watu walisifu. Nilimsikia shangazi akiwaambia wageni, kwa sauti ileile ya bonde, "Muone sasa tofauti! Haya si yale ya sokoni."

Nilikula wali wangu. Nilipiga makofi walipokata keki. Nyama niliiacha kwenye sahani.

Wateja walirudi polepole, si wote. Walianza wageni waliokuwa wametoka Kabazana hivi karibuni, wasiojua hadithi ile. Nilibadilisha namna ya kuuza: sikumwuzia mtu kabla sijaunusa mkono wake mtupu. Wengine walikasirika, wakaona ninawachunguza. Nilipoteza hata hao.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, shangazi alikuja mezani. Sikuinuka. Alisimama akigusagusa vichupa.

"Mutoto ameniambia," alisema.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi, nikiyasafisha kila siku, na yalikuwa makali.

"Iko na mimba," aliendelea. "Aliacha ile dawa kabisa, akarudi rangi yake. Mama mukwe alinuna. Nilikwenda kule. Tulizungumuza."

Nilijua maana ya kuzungumza kwake. Muuza dagaa naye alijua, maana alijifunika mdomo kwa mkono.

"Na mimi?" niliuliza. "Uliniita mchawi mbele ya soko lote."

"Nilikuita mutia sumu," alisema. "Mchawi sikusema."

Kisha akaanza kuniambia maharagwe yake yalivyoharibiwa na maji upande wa mtoni, na ng'ombe wa watu wa Endiinzi walivyoingia kwenye mahindi ya jirani. Nilimsikiliza huku maneno yangu yakipoa mdomoni. Alipomaliza, alinyoosha mkono juu ya meza, mkono mweusi wenye mishipa, akavuta mkono wa blauzi mpaka kiwikoni.

"Nijaribishe na mimi basi."

Nikamdondoshea sandali. Sikumwuliza anapaka nini. Alisimama palepale mbele ya wanawake wote waliokuwa wanatutazama, akaunusa mkono wake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa soko kwamba yananuka kama mbao. Halafu akayanunua.