Uji wa Akina Mama wa Kitanga

Nakumbuka siku moja pale Kitanga, kijiji cha Kasulu karibu na mpaka, mwanangu, miaka ya sabini mwanzoni, nilipokabidhiwa upawa nikajiona mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi na mama tulikuwa tumevuka mpaka kwa miguu kutoka Burundi, baba ameuawa, na mali yetu yote ilikuwa blanketi moja.

Malori ya msaada yalikuwa hayajafika. Waliotupokea ni akina mama wa kijiji. Huyu alileta unga wa muhogo, yule mtama, mwingine kuni, na wala hawakuwa watu wa akiba. Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule. Aliyewaongoza ni Mama Skola, mkunga wao, mwanamke mfupi asiyepaza sauti. Kwa kuwa nilijua Kiswahili kidogo, alinipa kazi ya kugawa uji.

Nikaiharibu. Akija mtu wa kilima chetu, yaani kijiji chetu kule Burundi, nilizamisha upawa mpaka chini kwenye uji mzito. Wengine niliwachotea juu juu, majimaji tu. Niliona ndiyo kuwapenda watu wangu. Ujana hauishiwi sababu, mwanangu.

Kulikuwa na mama mmoja, Perusi, ametoka mbali, hana ndugu hata mmoja pale, na ananyonyesha. Siku tatu nilimpa maji. Siku ya nne akaanguka njiani akienda kisimani. Maziwa yalikuwa yamemkaukia, na mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Mama Skola akaniita pembeni.

"Binti, kwenu wapi?"

Nikamtajia kilima chetu.

"Na mimi kwetu wapi?"

"Hapa Kitanga, mama."

"Sasa ningepika kwa ajili ya watu wa kwetu tu, wewe leo ungekula nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamnyooshea upawa auchukue, akakataa.

"Kazi ni yako. Mpelekee Perusi uji mwenyewe, na umweleze ulichofanya."

Nilikwenda na bakuli la uji. Nilipomaliza kueleza, Perusi alinitazama. "Nilikuwa nauona mkono wako," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu nilidhani chakula ni cha kwenu." Kisha akanipa mtoto nimshike ili yeye apate kunywa uji. Akina mama wawili wa Kitanga waliokuwa na watoto wachanga walimnyonyesha yule mtoto kwa zamu, mpaka maziwa ya mama yake yakarudi. Alipona. Leo ni mwalimu Kasulu, ana wajukuu.

Nimeishi nchi hii tangu hapo, nimekuwa raia wake, na hakuna siku nimesali bila kuwataja wanawake wale. Murakoze, nawaambia, asanteni, ingawa wengi wao wameshalala.

Sasa nasikia mmechaguliwa, wewe na wenzako, kupeleka vyakula kwa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Nimefurahi. Ninachokuomba ni hiki: ukipewa cha kugawa, usisahau kwamba si chako. Mtafute kwanza yule asiye na wa kumsemea, maana huyo hatakulalamikia. Na ukikosea, usitume mtu. Nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, umtazame usoni, useme.

Nenda, mwanangu. Imana, Mungu wa baba zetu, akupe moyo wa wanawake wa Kitanga, na popote utakapofika ukiwa mgeni, akutangulizie mtu wa kukupokea.