Mpaka Vitundu Vyote Sita Vichemke

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo nilimwacha na nusu kichwa. Alikuwa msimamizi wa wakata miwa, mtu wa kujipenda, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na mashine ya kunyolea ilizima juu ya sikio lake la kulia, ikagoma kabisa. Upande mmoja aling'aa, upande wa pili alikuwa na nywele zake zote. Nilimmalizia kwa mkasi, vibaya, akaondoka na kofia ya kuazima. Kabla sijafagia nywele zake, habari ilikuwa imefika sokoni Ruhembe: mwanamke kashika kichwa cha mwanamume, mashine imekufa.

Si mkono wangu uliomharibu yule bwana. Ni betri. Nilisema hivyo siku ile na leo nasema hivyo hivyo.

Nilikuwa nimerudi kwa mama kutoka Kilosa, baada ya kiwanda nilichofanyia kazi kupata mmiliki mpya, naye akatuona tumezidi. Ndiyo ilikuwa lugha ya wakati ule: kupunguzwa. Redio ikatangaza biashara ni huria, kila mtu ajitafutie. Haya, nikajitafutia. Nilikuja na ovaroli ya bluu ya kazini, ambayo hakuna aliyekumbuka kuidai, mashine ya kunyolea inayotumia betri ya gari, na betri yenyewe. Kibanda changu kilikuwa cha mabanzi na bati, pembeni mwa njia ya mashambani, chini kabisa ya zile nyaya kubwa zinazotoka Kidatu kwenda kuwasha Dar es Salaam. Siku za mvua ukizisikiliza zinavuma. Umeme wote ule ulitupita utosini, na mimi chini yake nimejitwisha betri naipeleka kutiwa moto kwenye mashine ya kusaga.

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa mzee wa heshima, mtu wa safu ya mbele msikitini, na kijijini petu ni yeye tu aliyechaji betri. Alifunga dinamo ya lori kwenye mkanda wa injini; huku mahindi yanasagwa, kule betri zinapata moto. Alikuwa pia na mpwa wake anayenyoa watu pale pale barazani, kwa betri ya mjomba. Sikuwa mjinga, hilo niliona mapema. Lakini nilimwamkia kwa adabu kila asubuhi, nikamwachia betri, na jioni nikajibiwa neno moja: imejaa. Ilikuwa imejaa kiasi cha vichwa viwili na nusu.

Kule Kilosa nilikaa jirani na karakana, nikaona mafundi wanavyoishi na betri za matrekta. Maji ya betri lazima yafunike sahani za ndani, na yawe maji ya betri, si ya kisima. Ule ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake vya kufungia nyaya unaoshwa kwa maji ya moto na magadi, halafu unapaka grisi. Usiikamue mpaka ife ndiyo uikumbuke. Na kujaa kwake kunaonekana: fungua vizibo wakati inachajiwa, chungulia, utaona maji yanatoa vipovu kama uji unaoanza kuchemka. Vitundu viko sita. Kimoja kikibaki kimetulia, usiitoe. Yote hayo niliyafanya nyumbani kwangu, betri nikaiweka juu ya ubao na kuifuta kila jioni. Kilichobaki ni kule kwa mzee, ambako sikuwa na macho.

Basi wiki iliyofuata nilibeba debe, nikaligeuza juu chini ndani ya chumba cha injini, nikakaa. Wanawake wote husubiri nje kwenye foleni ya unga. Mzee aliingia akiwa na sigara, akanikuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujaondoka?"

"Nasubiri betri."

"Betri hailindwi, binti yangu. Hayo si maziwa yaliyo jikoni."

"Nikiondoka haichemki, mzee. Nimeshajaribu. Na hiyo sigara naomba uizime, hewa inayotoka humu inalipuka."

Wabeba magunia wakacheka. Mzee aliitazama sigara, akanitazama mimi, akaenda kuivutia nje. Nadhani ni hilo lililomuudhi hasa, kutolewa chumbani mwake.

Kuanzia hapo hakuna kichwa kilichokatikiwa katikati. Lakini wateja walikuwa wa kuhesabu, maana maneno yalikuwa yameshatembea: haifai mwanamke kumshika mwanamume kichwani. Aliyeyakata ni mama mmoja wa wafugaji, aliyetoka mbugani na vijana wake wawili warefu. Wanaume waliokuwa wamekaa njiani walimwambia kinyozi mwanamume yuko kule mashineni. Akawashangaa kwelikweli.

"Sisi vijana wananyolewa na mama," akasema. "Nyinyi mnanyolewa na nani, ng'ombe?"

Alisimama nyuma yangu muda wote, akakagua kwa kidole nyuma ya masikio ya wanawe, akaridhika. Kesho yake nikapata watu. Nilimpenda yule mama na nampenda mpaka sasa.

Mfungo ulipokaribia kwisha, mzee akanizuia mlangoni. Alisema mwanamke haingii tena chumba cha mashine. Mkanda utanishika kitenge, lawama ataibeba yeye. Niiache betri nje, nitaikuta imejaa. Kila mtu alijua Idi bila kunyoa si Idi, na kwamba betri yangu ikizima siku ile, kibanda changu ndiyo basi. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Niliibeba betri yangu mpaka barabarani, nikapanda lori la mchele kutoka Ifakara, nikashuka Mikumi kwenye gereji yenye chaja ya kweli. Pale nako nilikaa, juu ya tairi, mpaka vitundu vyote sita vikachemka. Wakati wa kurudi asidi ilinirukia, na nilipokifua kitenge kikawa na matundu. Sikukitupa, nilikivaa mpaka sokoni.

Mkesha wa Idi benchi langu lilijaa tangu asubuhi. Alasiri habari ikaja kuwa mashine ya yule mpwa imekata. Betri yake haikuwahi kuona maji ya betri, sahani zimekauka. Muda si mrefu mzee mwenyewe akaingia. Wengine walimpisha kwa umri wake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza upande wa kulia. Nilipofika katikati ya utosi, nikaizima mashine.

"Imekata?" Mkono wake ulitoka chini ya kitambaa ukitafuta kichwa.

"Haijakata, mzee. Nimeizima."

Waliokuwa benchini wakanyoosha shingo.

"Una nini wewe?"

"Nataka tuongee habari ya chumba cha mashine."

"Nilishakwambia, mkanda utakushika kitenge."

"Nina ovaroli."

"Mwanamke na ovaroli."

"Nitakaa pale mpaka vitundu vyote sita vichemke. Na hakuna atakayeniambia imejaa kabla sijaona kwa macho yangu."

Alijitazama kwenye kioo kidogo nilichokitundika kwa msumari. Alijitazama kulia, halafu kushoto.

"Unanilazimisha," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa. Yeye alinizimia mimi tangu siku ya kwanza, tena mbele ya watu.

"Njoo sikukuu ikiisha," akasema.

Nikaiwasha. Nilimnyoa vizuri, nikamfuta shingo taratibu, na betri ikatosha kwa waliobaki wote.

Sikukuu ilipokwisha nilikwenda nimevaa ovaroli, mikono imekunjwa, na nywele nimezifunga. Nilikaa juu ya debe langu, vizibo wazi, injini inanguruma. Mzee alipita mlangoni, akarudi, akapita tena. Sigara ilikuwa nyuma ya sikio lake, haijawashwa.