Uyoga wa Labiba

Labiba alirudishwa kutoka hospitali mwanzo wa baridi, na daktari hakupindisha maneno: mpelekeni kwake, mpeni kila anachotaka. Mumewe Tannus akasimama pale kitandani, akauliza, "Haya, mama, unataka nini?" Labiba, ambaye hata supu ilikuwa imemshinda, akasema anataka uyoga.

Uyoga! Na mwaka wenyewe radi za vuli hazikupiga. Bila radi, msitu wetu wa misonobari kule mlimani hautoi kitu. Labiba alianza kuupanda mlima ule kutafuta uyoga tangu akiwa anashikwa mkono na baba yake. Mimi jirani yake, tunagawana ukuta, nimekula uyoga wake miaka nenda miaka rudi, na vitunguu saumu, mafuta ya zeituni, ndimu kwa juu. Mungu amrehemu, sijaonja tena kitu kama kile.

Sasa Tannus huyu alikuwa mpasua mawe, na jikoni hajawahi kuchemsha hata yai. Akashuka mjini, akarudi na mfuko wa mbegu za uyoga alizouziwa na mama mmoja wa ushirika, aliyemweleza namna ya kuotesha nyumbani, ndani ya chupa.

Nikamcheka mpaka nikashika mbavu. "Baba Butrus, uyoga unaota msituni, hauoti kwenye chupa ya achari!"

"Wewe Mama Elias kazi yako mdomo tu. Hebu nishikie sufuria hii."

Chupa zilikuwa za Labiba mwenyewe, zile za kioo zenye mdomo mpana. Kila vuli alizijaza biringanya za mafuta, zilizoshindiliwa kokwa za jozi na pilipili, akiba ya baridi nzima. Na si kwamba namsifu kwa kuwa amekufa: biringanya zake zilikuwa zinapelekwa mpaka Kanada kwa mwanawe Butrus. Mwaka ule hakuweka akiba, chupa zikakaa tupu stoo. Tannus akachemsha ngano, akaianika mpaka ikakauka maji, akaijaza kwenye chupa, akazipika tena ndani ya sufuria kubwa kuua vijidudu. Zilipopoa akachanganya mbegu, akafunga midomo kwa kitambaa. Kazi safi, nakiri.

Ila hakuwa na subira. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alivutwa mkono hadi stoo. "Njooni muone!" Kitambaa juu, pua ndani, kitambaa chini. Ngano ikaota ukungu wa kijani, ikanuka, yote ikatupwa.

"Wamenipiga jicho la husuda," akasema.

"Jicho gani? Umezifunuafunua kama unaonja chumvi!"

Hakunisikia. Kwetu mtu akiharibikiwa, jicho kwanza, akili baadaye. Akaanza upya, na safari hii akazificha chupa nyuma ya magunia, asimwambie mtu ila mimi na mkewe.

"Mficha uchi hazai, Baba Butrus."

"Mimi sizai, Mama Elias. Mimi naotesha uyoga."

Na ukaota! Nyuzi nyeupe zikatambaa, zikaikumba ngano yote ikawa kama pamba. Kila asubuhi Labiba aliuliza, "Watoto wako wameamkaje?" Naye Tannus humjibu, "Wamevaa meupe, utasema wanakwenda komunyo ya kwanza." Siku moja akanigongea ukuta kwa ngumi. Kwenda, nakuta vichwa vidogo vimechomoza midomoni mwa chupa. "Jumapili anakula," akasema, na macho yamemjaa maji. Labiba siku ile aliomba nimkalishe, nimchane nywele.

Basi akaja Najla, mdogo wake Labiba, kutoka Beiruti, kumuuguza dada yake. Mtu mwema, lakini mikono yake haijui kutulia. Na sisi tuna desturi: mgonjwa akifikia pale, wanawake huanza kusafisha nyumba. Hakuna anayetamka kwa nini. Unafua mapazia, unasugua sakafu, unang'arisha vikombe, kwa sababu watu watakuja, na watu wakija msibani macho yao huingia kila pembe.

Najla akafika stoo. Akasogeza magunia, akaona chupa za dada yake, zile zilizosifiwa kijiji kizima, zimejaa weupe wa manyoya, vinundu vimechomoza midomoni, kama chakula kilichooza. Angemuuliza nani? Tannus alikuwa amekwenda kununua mkate, na Labiba huwezi kumwambia, anakata roho, kwamba akiba yake imeoza. Akazibeba zote huku analia, akazimwaga shimoni, akamwagia jiki juu yake kuku wasije wakala wakafa. Kisha akaziosha kwa maji ya moto, akazipanga barazani, midomo chini.

Tannus akazikuta pale.

"Usijali, shemeji," Najla akamwambia polepole. "Nimemsitiri dada yangu. Hakuna atakayejua."

Nilitoka na mwiko mkononi, na Mungu anisamehe, nilitaka kuutumia. Lakini ungemwambia nini mtu aliyefanya vile kwa mapenzi? Tannus aliketi kwenye ngazi, mkate bado kwapani. "Ahsante, shemeji," akasema.

Theluji ikafunga barabara ya mjini. Duka letu lilikuwa na uyoga wa kopo, ule wa maji ya chumvi. Akaununua, akausuuza mara tele, akaukaanga kwa vitunguu saumu, akakamulia ndimu. Akaniangalia kwa ukali. "Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Akamlisha mwenyewe Jumapili ile. Labiba akatafuna polepole, amefumba macho. "Mikono yako isalimike, Tannus. Umeweza kweli." Akafungua mdomo tena, na tena. Tannus akakimbilia jikoni ili asionekane analia.

Hapo Labiba akanishika mkono. "Wa kopo huu," akaninong'oneza. "Usimwambie kama nimejua. Amechoka, maskini."

Jumatatu akafariki.

Baada ya arobaini Tannus akaja kwangu, ndevu hajanyoa, amekonda suruali inamvuka. Nikampa kahawa, hakuigusa. "Nimemdanganya mke wangu kwenye tonge lake la mwisho," akasema. "Silali, Mama Elias. Kila nikifumba macho namsikia ananishukuru."

Nilikuwa nimeahidi. Lakini ahadi gani hiyo, unamwangalia mtu anakwisha mbele yako? Nikaona nimtue mzigo.

"Baba Butrus, alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wa kopo. Alijua tangu tonge la kwanza. Alikula kwa ajili yako."

Nilidhani atashusha pumzi. Akakisogeza mbali kikombe cha kahawa.

"Kwa hiyo hakula," akasema. "Alitaka kitu kimoja tu, Mama Elias. Kitu kimoja. Na hakukipata."