Kisanduku cha Kwanza

Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na tangu hapo sijatulia mahali. Nimeuza makaa Munigi, nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimetengeneza simu kando ya barabara. Kuandika kurasa za mtandao nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kutaka tu kujua kinachotokea mtu akibonyeza kitufe. Ndivyo nilivyofika Himbi, mtaa wa Goma, kwa muzee aliyewatengenezea wafanyabiashara kurasa zao.

Muzee alikuwa na kompyuta mbili, lakini nafasi ya mtu mmoja. Tulikuwa wawili kwenye majaribio: mimi, na msichana kutoka Masisi mwenye diploma ya chuo kikuu. Nilimwonea wivu kabla hajafungua kinywa. Aliandika bila kutazama vidole vyake. Hata chai, muzee alimmiminia yeye kwanza.

Mimi nilipewa ukurasa wa akina mama watatu wanaouza jibini. Kila mama alikuwa na kisanduku chake chenye picha, na ndani yake namba ya simu iliyofichwa. Mteja akibonyeza kisanduku, namba inajitokeza.

"Wamama wakiridhika Jumamosi," muzee aliniambia, "hiki kiti ni chako."

Ijumaa msichana alisimama nyuma yangu. "Yaya," alisema, kwa heshima ya kaka mkubwa, "umejaribu kisanduku cha pili?"

"Cha kwanza kinafunguka. Vyote vina maandishi yaleyale. Ao kule chuo munajaribu kitu kimoja mara tatu?"

Akarudi kwenye kiti chake. Niliona anatafuta njia ya kutia mkono wake katika kazi yangu. Sikujaribu cha pili.

Jumamosi akina mama walikuja. Wa kwanza akabonyeza picha yake, namba yake ikatokea. Wa pili akabonyeza yake. Ikatokea tena namba ya yule wa kwanza.

"Kijana, nafinya yangu, inafunguka ya huyu."

Wa tatu akajaribu; ikawa vilevile.

"Acheni ivyo, iko muzuri," alisema wa kwanza, akijifunga kitenge vizuri. "Nitawauzia na jibini zenu."

"Umemupa huyu kijana nini?" aliuliza wa tatu. Walicheka wote, isipokuwa mimi na muzee.

Nilifungua maandishi yangu, zile amri nilizoipa kompyuta. Nilikuwa nimeandika document.querySelector(".namba"), yaani: tafuta namba katika ukurasa mzima. Kompyuta ilianza juu, ikakuta namba ya kwanza, ikasimama hapo.

Jambo hilo nililijua kwa miguu yangu. Nimepanga vyumba katika parsele nyingi za Goma, zile nyua ambamo familia nne tano hutumia lango moja. Ukiita "Mama!" ukiwa barabarani, anaitika yule aliye karibu zaidi na lango. Ukimtaka wa nyumba ya nyuma, unaingia, unafika mlangoni kwake, unamwitia hapo. Nilifuta document nikaandika this, maana yake kisanduku hikihiki kilichobonyezwa. Utafutaji ukaanzia ndani yake. Kila mama akapata namba yake. Wa kwanza alisikitika kidogo.

Walipoondoka, muzee alitutazama. "Hakuna aliyeona hili jana?"

Msichana aliinamia kibodi yake. Ningeweza kunyamaza pia, na pengine kiti kingekuwa changu. Lakini ule utulivu wake uliniuma kuliko diploma yake. Sikutaka kukalia kiti kwa huruma yake.

"Yeye aliona," nilisema. "Aliniambia. Nikamufukuza."

Muzee alitikisa kichwa, akampa msichana kiti.

Sasa natengeneza simu tena. Mara nyingine nafungua ule ukurasa na kubonyeza kisanduku cha pili, kisha cha tatu. Vinafunguka sawasawa. Yeye ameongeza kitufe cha kufunga, kizuri, na kinaniudhi kila nikikiona.