Kuchagua Gitaa kwa Ubavu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani, maana sikujua mpiga gitaa la umeme anavaa nini. Nilikuwa binti wa kambi ya mkonge pale Kimamba. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi. Gitaa nilijifunzia kwenye kwaya, na bendi ya shamba ilipokosa mpiga gitaa la rizim, wakaniita mimi. Majirani walisema mengi kuhusu binti kushika gitaa. Nitayaacha hukohuko, kwa sababu wengine bado wapo hai na tunasalimiana.

Kiongozi wa bendi alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye suti moja aliyoipenda kuliko ndugu zake. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akalaza magitaa matatu juu ya benchi.

"Chagua," akasema.

Sikilizeni, nyie mnaochagua gitaa kwa kutelezesha kidole kwenye simu. Gitaa la umeme sauti yake inatoka kwenye nyuzi na zile sumaku zilizo chini yake, ndipo inaingia kwenye amplifaya. Kwa hiyo fundi anaweza kukata kiwiliwili chake karibu umbo lolote, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Pale kwenye benchi palikuwa na moja tuliloliita Tumbo, pana na nene, wazi kwa ndani. Lile ni jepesi, lakini kwapa lako linabaki limepanuka kama unabeba kuku, na ukisogea karibu na spika linalia lenyewe. Lilikuwepo la Pembe Mbili, limechongwa huku na huku ili mkono ufike kwenye freti za mwisho, vile vyuma vya shingoni vya sauti nyembamba. La tatu tuliliita Ubao, pande moja la mti, bapa, kingo zake kali, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa kama baiskeli mpya.

Mimi na gauni langu tukachukua Ubao. Ningeachaje?

Kiongozi akacheka mpaka akakohoa. "Umechagua kwa macho, binti. Ngoja upige bugi la kesho, utachagua kwa ubavu."

Bugi ni dansi la mchana wa Jumapili, kwa wale ambao wazazi wao hawakuwaruhusu kutoka usiku. Lilipokwisha, mkono wangu wa kulia ulikuwa na mfereji pale ulipolalia ukingo wa mti, na ubavu uliniuma hata nikicheka. Jumatatu Kiongozi akanifundisha, na hayo mafunzo nimeyatumia mpaka nastaafu. Vaa gitaa, simama, kisha achia mikono yote miwili. Shingo yake ikizama chini, liache, kwa sababu mkono wa kushoto umeajiriwa kupiga, haukuajiriwa ukuli. Halafu kaa nalo uone kama linatulia pajani. Halafu vuta pumzi ndefu. Kama mti unakuchoma ubavuni, huyo si mwenzako.

"Na sura je, Mzee?" nikamuuliza.

"Sura ni ya watazamaji. Wao jioni wanakwenda zao, wewe unalala na ubavu wako. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Nisiwadanganye lakini, sura nayo ina kazi. Sisi watu wa dansi tulikuwa tunatunzwa. Shabiki akipendezwa anapanda jukwaani kukubandika noti kwenye paji la uso, au mama anakuvisha kanga begani. Mcheza kwao hutunzwa. Na gitaa lenye sura linavuta mtu kutoka mlango wa nyuma mpaka mbele. Nilijua hilo, na aliyekuja kuniajiri Kilosa alilijua zaidi.

Kilosa nilikwenda kwa sababu mbili: mkonge ulianguka na bendi ya shamba ikaanguka nao, na nilikuwa nimeolewa na fundi wa reli mpole kupita kiasi. Bendi ya mjini ilikuwa chini ya Meneja wa ukumbi. Nikaanza na rizim, ile ya kushikilia wimbo usidondoke, kisha nikapandishwa kupiga solo. Mpiga solo ndiye anayesema na watu wakati waimbaji wamenyamaza. Watu wakaanza kuniita Mama Solo hata sokoni, na nyanya nikawa naongezewa. Niliipenda kazi ile, jamani. Niliipenda kuliko kula.

Sasa mjue desturi moja ya bendi zetu: chombo si chako. Gitaa ni la bendi. Ukiondoka unaliacha, na ukilikuta lina kasoro, mwili wako ndio unajirekebisha. Pale Kilosa nililikuta Kikongwe. Lilikuwa la Pembe Mbili, rangi imebanduka limebaki kama sufuria iliyokwanguliwa ukoko, pembe moja imeungwa kwa gundi. Lakini aliyelichonga alikuwa na huruma. Nyuma alilibonyeza pale panapokutana na ubavu, mbele akaliteremsha pale kiwiko kinapolala. Ukilivaa unalisahau. Nilipiga nalo mpaka nikawa siwezi kusema hili ni bega langu au ni gitaa.

Halafu Meneja akaleta Mshale kutoka Dar es Salaam.

Ulikuwa mweupe, umechongoka miguu miwili kama kichwa cha mshale kilichogeuzwa, na watu walipouona walishika vichwa. Mimi mwenyewe nilishika changu. Meneja akaamuru uchorwe kwenye ukuta wa ukumbi, akatangaza kwamba mpiga solo ndiye atakayeushika. Tatizo ni moja. Mshale haukaliki. Ukiuweka pajani unateleza kama sabuni, kwa hiyo lazima usimame bugi zima, uzito wote kwenye bega moja. Na mimi wakati huo nilikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, mgongo unadai haki yake.

Nikamwendea kwa adabu. "Meneja, naomba nipige nimekaa, na Kikongwe, mpaka nijifungue."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi. "Mama Solo, watu hawaji hapa kumwona mjamzito amekaa na kuni. Jumapili usimame na Mshale. Ukishindwa, mpiga rizim atachukua solo, wewe upumzike."

Upumzike! Nilijua maana yake. Mwanamke akishuka kwenye solo hakuna anayemwita tena, na ukizingatia ningerudi na mtoto mgongoni, ndiyo kabisa. Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumamosi akafika mama mkwe wangu kutoka Mamboya. Alikuwa mama wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na hakuwahi kuniona nikipiga. Alileta maharage na mbeleko mpya, kanga ya kumbebea mjukuu, kaikunja chini kabisa ya kikapu. Nikasema basi, amekuja kunichukua nikazalie mlimani, na gitaa limekwisha. Mume wangu alisalimia akatoka nje, eti anaangalia reli.

Mama akakaa, akanitazama nikijisugua bega. Siku nzima ile nilikuwa nimefanya mazoezi na Mshale.

"Linakuumiza wapi?"

Jamani, tangu Kiongozi wa Kimamba hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamwonyesha bega, kiuno, mfereji wa mkononi. Nikamweleza yote.

"Na hilo jingine lisilokuumiza, lina nini?"

"Halina sura, Mama. Meneja anataka sura."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Kwani mwali tunamtoa kwa sura yake?"

Nilielewa na sikuelewa. Kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani, akina mama wanamfunda, kisha siku ya kumtoa anavishwa kanga mpya, anabebwa begani, na mji mzima unampigia vigelegele. Siku hiyo hakuna mwali mbaya. Ukiletewa mwali mbele yako ukamkodolea macho bila kumtunza, umejiaibisha wewe na ukoo wako.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mshale ulikuwa umesimamishwa mbele ya jukwaa, unameremeta. Mimi niko pembeni, miguu kama mito, namtafuta Mama simwoni. Mara vigelegele vikalipuka upande wa chumba cha vyombo. Mama anatoka mbele, nyuma yake wauza mchele na wauza samaki wa sokoni, na begani mwake amembeba Kikongwe, amevishwa ile mbeleko mpya kuanzia kiunoni mpaka kwenye zile pembe, shingo tu ndiyo inaonekana. Alimbeba kama binti wa mtu. Alimtikisa kidogo kama anavyotikiswa mwali. Ukumbi mzima ukasimama.

Meneja akaruka kwenye kiti. "Nani kamruhusu..."

Mama akasimama mbele yake. Alimtazama tu, anasubiri. Tumba zikanyamaza. Kila mtu pale alijua anasubiri nini, na Meneja alilelewa vizuri, huwezi kumnyima hilo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekutolea mwali. Utamtunza, au unamkodolea macho tu?"

Watu wakacheka mpaka mabati yakaitika. Meneja akatazama ule umati wa akina mama, akautazama Mshale wake, akatazama Kikongwe ndani ya kanga. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaichomeka kwenye nyuzi. Baada ya hapo asingeweza tena kumwita mwali huyo kuni. Noti nyingine zikamwagika, na mtu akaniletea kigoda.

Mama akanilazia gitaa mapajani. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza, maana niliogopa jambo jingine. Kwetu mbeleko haikunjuliwi kabla mtoto hajazaliwa, ni mwiko, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakaripia wenzake kwa hilo.

"Mama, mbeleko! Mtoto bado."

"Mtoto yumo humo ndani, anasikia. Piga."

Nikapiga. Nilipiga nimekaa, mbonyeo wa Kikongwe umelipokea tumbo langu, na mtoto akacheza mpaka nyuzi zikatikisika. Meneja hakuzungumza tena habari za kunipumzisha. Mshale ukatundikwa ukutani, watu wakawa wanapiga nao picha, na kusema kweli kwa picha haukuwa na mpinzani.

Neema akazaliwa salama, akabebwa kwa mbeleko ileile. Alipoanza kutembea nikaifunga kwenye Kikongwe iwe mkanda, maana kanga pana haikati bega kama ngozi. Wakaja watoto wengine, mbeleko ikawa inakwenda mgongoni, inarudi kwenye gitaa. Bendi ya Kilosa ilipovunjika, hoteli moja ya Mikumi ikanunua vyombo, na sisi wapigaji tukavifuata kama ndama. Huko nilipiga kwa watalii waliotoka kutazama tembo, chini ya Meneja wa burudani aliyetaka tupige polepole ili wageni wasikie vijiko vyao. Kila alipoleta gitaa jipya lenye umbo la ajabu, nilimwambia alivae kwanza yeye, aachie mikono, avute pumzi. Mengi aliyarudisha.

Msinielewe vibaya, vijana. Sisemi mchague lenye sura mbaya. Gitaa ambalo hulipendi kulitazama hutalishika asubuhi, na lisiposhikwa litaota vumbi. Chagueni kwa macho mkipenda, lakini msilipie mpaka ubavu umesema. Mwili ukishaumia, hata vidole vinakuwa vichoyo. Na lile linalokukaa vizuri likiwa baya, mvisheni.

Nimestaafu mwaka huu. Hoteli ilinifanyia keki, Meneja wa burudani akatoa hotuba, na Kikongwe nikamrudisha kwenye chumba cha vyombo, maana desturi ni desturi. Sitasema sikulia. Kabla ya kufunga mlango nikafungua mbeleko, ikatoka imelainika, maua yake hayasomeki tena. Gitaa ni la bendi, lakini mbeleko ni yangu. Mama amelala Mamboya miaka mingi sasa, na ile kanga ndiyo mkono wake uliobaki kwangu.

Wiki iliyofuata nikapanda bodaboda mpaka Zombo, anakofundisha Neema. Amejifungua mtoto wa kike, na nilimkuta amechoka, mtoto analia tangu asubuhi. "Mpe bibi yake," nikasema. Nikamfunga kwa mbeleko mbele, kama nilivyozoea, bado analia. Nikamuuliza kama nilivyoulizwa mimi, "Linakuumiza wapi?" Nikamlegezea fundo begani, nikamsogeza polepole mpaka akakutana na ubavu wangu, pale palipozoea kubeba. Akavuta pumzi ndefu, akanyamaza.